Biashara Street, Mombasa: Mtaa wa Leso kwa Mnunuzi Anayejua Anachokitaka

Anayetafuta leso, yaani kanga, mjini Mombasa kwa kawaida haelekezwi dukani bali mtaani, na mtaa wenyewe ni Biashara Street, ile barabara nyembamba inayokatana na Digo Road si mbali na soko la Marikiti, mahali ambapo mji wa mabenki na maofisi unaanza kuupisha Mji wa Kale. Nimekuwa mteja wa mtaa huu kwa muda mrefu, nikinunua leso za harusi, za kumtunza mzazi aliyejifungua na za kuwatumia jamaa walioko mbali, na sijaona mahali pengine katika pwani ya Kenya penye chaguo pana kama hili. Hata hivyo, mtaa huu humtumikia vizuri zaidi mnunuzi anayejua anachokitaka kuliko mtembezi aliyekuja kutupa macho tu, na anayeuingia mara ya kwanza afadhali alijue hilo mapema.

Ukongwe wa mtaa umo zaidi katika bidhaa kuliko katika kuta zake, ambazo nyingi zimefunikwa na mabango. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ya familia yenye asili ya Kihindi, ilianzishwa mwaka 1887, na mpaka leo herufi K.H.E. pamoja na maneno «Mali ya Abdulla» yaliyopigwa chapa kwenye kitambaa ni alama ambayo akina mama huitafuta kabla hata hawajautazama mchoro. Viwanda vya kupiga chapa vimehamahama katika kipindi hicho chote, kuanzia Ulaya na Japani hadi India na Uchina, lakini mteja mwenye neno la mwisho amebaki kuwa yule yule: mwanamke wa pwani asimamaye mbele ya meza ya duka akikataa doti tano, yaani jozi tano za leso, ili achukue ya sita. Zamani majina ya leso, yaani misemo inayopigwa chapa juu yake, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ilikuwa baadaye tu ndipo herufi za Kilatini zilipochukua nafasi.

Kununua kwenyewe ndiko kunakonirudisha mtaani hapa. Leso zimepangwa kwenye rafu zikiwa zimekunjwa kiasi cha kuonyesha ukanda mwembamba tu wa pindo, kwa hiyo mteja hana budi kuomba zifunguliwe, na muuzaji mzuri huikamata doti kwa ncha mbili, akairusha juu ya meza ikatanda yote, kisha akalisoma jina kwa sauti bila kuulizwa. Hapo ndipo mashauri yanapoanza. Niliwahi kumshuhudia binti akichagua leso ya kumpelekea mama wa mumewe, akivutiwa na zambarau iliyokolea na michoro mikubwa ya maembe kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya leso, huku jina likisema «Hasidi hana sababu». Mzee aliyekuwa nyuma ya meza aliikunja upesi na kumwambia, «Mwanangu, hii ukimpa mkweo mtateta,» kisha akamtolea nyingine yenye rangi iyo hiyo iliyosema «Wema hauozi». Aliipoteza nafasi ya kuuza haraka, na nadhani alimpata mteja wa miaka. Si kila duka lina mzee wa namna hiyo. Yapo yanayoajiri vijana wasiosoma hata jina, ambao humwona mteja anayetaka kufunguliwa doti ya nne kuwa ni msumbufu, na katika maduka hayo ninashauri kuaga kwa adabu na kuvuka barabara.

Ubora unahitaji macho na vidole. Leso mpya huwa ngumu kidogo kwa sababu ya wanga uliotiwa kiwandani, na ugumu huo huisha kwa kufuliwa, hivyo si dalili ya kitambaa kibaya. Kinachostahili kutiliwa shaka ni wepesi wenye utelezi, ambao mara nyingi ni nyuzi za plastiki zilizochanganywa na pamba au zilizochukua nafasi yake kabisa. Duka moja liliniuzia kitambaa cha aina hiyo kwa maelezo kwamba ni pamba tupu, na tangu hapo nimeshika desturi ya kukifikicha kitambaa kwa vidole na kukigeuza nione kama rangi imepenya hadi upande wa pili. Inafaa pia kuangalia kama jina limekaa katikati na kama pindo zinazokabiliana zina upana mmoja, maana chapa iliyopotoka haionekani kwa urahisi mpaka leso ikatwe, na ikishakatwa hairudishwi. Kwa harusi, maduka mengi huweka kisutu, leso ya jadi ya maharusi, chenye wekundu, weusi na weupe wake.

Kukata huko ni kazi ya mafundi wanaokaa barazani na cherehani zao, na kwa maoni yangu ndio huduma bora kuliko zote za mtaa. Doti hutoka dukani ikiwa kipande kimoja, leso mbili zikiwa bado zimeshikana, nayo huhitaji kutenganishwa na kupindwa ncha. Fundi huikata bila rula, huikunja ncha kwa ukucha wa kidole gumba huku mguu ukikanyaga, na ushono hutoka mnyoofu kama uliopimwa. Malipo hukubaliwa kabla ya kazi, na kwa doti chache wala hapana haja ya kwenda mbali.

Kuhusu vikoi, ambavyo hufumwa kwa nyuzi zilizotiwa rangi badala ya kupigwa chapa, chaguo ni zuri lakini bei hupanda wazi wazi mbele ya mgeni, jambo ambalo naliona ni aibu kwa mtaa wenye jina kama hili. Kwenye leso bei haichezi sana, na punguzo la maana hupatikana kwa anayenunua doti nyingi. Kutembea nako ni taabu: magari huegeshwa pande zote mbili, mikokoteni na tuktuk hupigania kilichobaki, na mwenye mtoto mgongoni hana pa kupita kwa utulivu.

Wakati unaofaa ni asubuhi ya siku za katikati ya wiki, kabla ya jua kukaza. Mwenye doti nyingi za kupinda anaweza kumwachia fundi, akashuka kupitia Mji wa Kale hadi barabara ya Ndia Kuu na Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na ambayo UNESCO iliiorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2011, kisha akarudi kwa miguu kuchukua mzigo wake. Ijumaa adhuhuri maduka mengi hufungwa na mafundi nao huenda msikitini, hivyo leso zinazotakiwa kwa shughuli ya jioni hiyo ni bora zifikishwe barazani kabla ya saa nne.