Guangzhou kwa simu mkononi: uzoefu wangu na Alipay yenye kadi ya Visa ya nyumbani

Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, naipa nyota nne kati ya tano kwa mgeni anayefika Guangzhou mara ya kwanza. Nyota ya tano naikata kwa sababu ya masoko ya jumla, na huko ndiko wengi wetu tunakoelekea. Nimeiunganisha na kadi ya Visa ya benki ya kawaida ya nyumbani na kulipia metro, teksi, chakula, dawa na hata maji ya mashine za barabarani. Mji huu haukatai noti, na kisheria muuza duka haruhusiwi kuzikataa, ila dereva hana chenji na mama wa maandazi ya mvuke hana droo ya pesa. Asiye na simu inayolipa huchelewa kila mahali.

Kazi kubwa ifanyike kabla ya kupanda ndege. Pakua programu ukiwa bado nyumbani na ujisajili kwa namba yako ya +255 au +254; namba ya China hailazimiki. Piga picha ya pasipoti inapoombwa, na uandike jina herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye pasipoti. Ukiacha jina la kati ambalo pasipoti inalo, uhakiki unaweza kukwama. Kisha weka namba za kadi, Visa au Mastercard.

Kinachowaangusha wengi ni meseji. Benki hutuma namba ya siri ya mara moja kwenye laini ya nyumbani, wakati unapounganisha kadi na pengine tena siku mfumo unapokutilia shaka. Mtu anafika uwanja wa ndege, ananunua laini ya Kichina, anachomoa ya kwake na kuitia kwenye pochi; meseji inakuja, simu haiioni. Nenda na simu ya laini mbili na umwombe mtoa huduma wako awashe rominga ya meseji kabla hujasafiri, maana kwa laini za malipo ya kabla mara nyingi haijawashwa. Benki nayo uiambie mambo mawili: iruhusu manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi, na ipandishe kikomo cha siku. Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Kadi ikifungwa saa tatu asubuhi ukiwa sokoni, nyumbani ni saa kumi alfajiri na huduma kwa wateja wamelala. Kwa hiyo beba kadi mbili za benki mbili tofauti.

WeChat, programu ya Kichina ya mazungumzo na malipo, iwe akiba, si mbadala. Malipo yake yanafuata utaratibu uleule, lakini kufungua akaunti mpya mara nyingi kunataka mtu ambaye tayari ni mtumiaji akuskanie msimbo wa QR (ule mraba wa vidoti) kukuthibitisha. Fungua wiki kadhaa mapema, ukiwa na ndugu au mteja aliyekwisha kuitumia. Utaihitaji kwa mazungumzo hata usipolipia nayo, kwa kuwa muuzaji wa jumla atakupa WeChat kabla hajakupa bei.

Gharama: malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato ya ziada kwa kadi ya kigeni. Yakizidi hapo unakatwa asilimia 3. Bili ya yuan 380 mgahawani, omba ulipe mara mbili, 190 na 190. Wengi hukubali bila kununa. Kikomo cha kadi ya kigeni ni dola 5,000 kwa malipo moja na dola 50,000 kwa mwaka, ila kikomo cha benki yako kitakufikia kwanza. Ukiskani karatasi ya msimbo aliyobandika muuzaji ukutani, wewe ndiye unayeandika kiasi, hivyo mwoneshe muuzaji skrini kabla ya kubonyeza. Sifuri moja ikizidi, kurudishiwa ni mazungumzo marefu kwa lugha usiyoijua.

Sasa sokoni. China kuna misimbo ya aina mbili, na tofauti yake ni ileile ya Lipa Namba na namba ya mtu binafsi. Msimbo wa biashara unapokea kadi ya kigeni. Msimbo wa mtu binafsi ni uhamisho wa pesa kutoka mtu kwenda kwa mtu, na kadi ya kigeni hairuhusiwi kufanya hivyo. Kwa macho karatasi zinafanana. Zote zimebandikwa ukutani, buluu ya Alipay na kijani ya WeChat. Utajua ukiskani: skrini ikikuletea jina la mtu na neno la kuhamisha, kisha kadi ikakataa, usirudierudie mpaka benki ikufungie. Muulize kama ana msimbo wa biashara. Vibanda vingi vya jumla hawana, au hawataki kuutumia kwa sababu zao za kodi.

Njia iliyobaki ni noti, au uhamisho wa benki kwenda akaunti ya kampuni kwa mzigo mkubwa. Dola badilisha benki ukiwa na pasipoti halisi. Bank of China wana matawi mengi. Kaa kwenye foleni, usimfuate anayekunong'oneza mlangoni. Ukiingia na fedha za kigeni zaidi ya thamani ya dola 5,000 lazima uzitangaze forodhani, na yuan usizidishe 20,000. Wasiotangaza hubanwa siku ya kutoka wakiwa na dola zilizobaki bila karatasi. Weka pia noti za 10 na 20 mfukoni kwa siku simu itakapozima.

Metro ndiyo huduma niliyoridhika nayo kuliko zote, na hapo Alipay inang'aa. Ndani ya programu fungua sehemu ya usafiri, chagua Guangzhou, kubali masharti, upate msimbo wako. Skani getini ukiingia, skani tena ukitoka. Msimbo ni wa mtu mmoja. Watu wawili hawapiti kwa simu moja. Chaji ikiisha ukiwa chini, geti halitakutoa, itabidi umfuate mhudumu wa kibanda. Asiye na msimbo anunue kwenye mashine kidude cha plastiki cha duara kama kishikizo cha koti: unakigusisha ukiingia, unakitumbukiza ukitoka.

Nauli inahesabika kwa umbali. Kilomita 4 za kwanza ni yuan 2. Kutoka 4 hadi 12 unaongeza yuan 1 kila kilomita 4. Kutoka 12 hadi 24, yuan 1 kila kilomita 6. Baada ya hapo yuan 1 kila kilomita 8. Safari ya kilomita 20 ni yuan 6. Kila begi linapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, kwa hiyo mwenye mizigo aongeze dakika 10.

Kutoka uwanja wa ndege wa Baiyun panda Laini ya 3. Kituo cha Airport North ni cha Terminal 2, Airport South ni cha Terminal 1. Anayekwenda Xiaobei, mtaa wa Waafrika, ashuke Jiahewanggang, aingie Laini ya 2 hadi Guangzhou Railway Station, kisha Laini ya 5, kituo kimoja tu. Anayekwenda Sanyuanli ashuke kituo kimoja kabla ya Guangzhou Railway Station. Usikubali kupelekwa na Laini ya 3 hadi Tiyu Xilu ukiwa na masanduku kati ya saa kumi na moja na saa mbili za jioni. Watu wamejaa hadi mlango unafungwa kwa kusukumwa. Milango ya kutokea ina herufi, A, B, C na kuendelea. Muulize mwenyeji wako herufi, usiulize kituo peke yake, kwa kuwa kutokea mlango usio wako ni kuvuka barabara ya njia nane kwa daraja huku jua linakuchoma.

Usichanganye stesheni za treni. Guangzhou Railway Station ipo mjini, karibu na Baima na masoko mengine ya nguo. Guangzhou East ipo Tianhe. Treni nyingi za mwendokasi za Shenzhen na Hong Kong zinatoka Guangzhou South, mbali kusini, wilaya ya Panyu. Kutoka Guangzhou Railway Station, Laini ya 2 inakufikisha bila kubadili; hesabu saa nzima kutoka Xiaobei, na nusu saa nyingine ya ukaguzi. Tiketi imefungwa kwenye pasipoti yako, na mageti yanafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, hata kama bado unaiona imesimama.

Teksi: Didi, huduma ya kuita teksi kwa simu, ipo ndani ya Alipay, haina haja ya kupakua kingine. Ukiandika jina la mahali kwa Kiingereza unaweza kupelekwa tawi jingine la hoteli yenye jina hilo. Nakili anwani ya Kichina na uibandike. Linganisha namba ya gari, na dereva akikuuliza tarakimu 4 za mwisho za simu yako, mtajie. Ndivyo wanavyohakikisha abiria. Akipiga simu usihangaike, mwandikie, programu inatafsiri. Wale wanaokuita "my friend" nje ya stesheni hawana mita.

Ramani ya Google iache. Imefungwa, na hata ukiipata, alama yake inaweza kukaa mamia ya mita pembeni, kwani ramani za China zinatumia vipimo vilivyosogezwa makusudi. Tumia Amap, programu ya ramani ya Kichina. Google, WhatsApp, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwa laini ya Kichina wala kwa Wi-Fi ya hoteli. Bando la rominga la laini ya nyumbani hupita mtandao wa nyumbani, kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi, ghali lakini bila usumbufu. Mimi napendelea eSIM (laini ya kidijitali isiyo na kadi) ya nje iliyonunuliwa kabla ya safari kwa bando, na laini ya nyumbani kwa meseji za benki tu. Kamusi ya kutafsiri Kichina ipakue ikiwa nzima, ifanye kazi bila intaneti.

Kuhusu karatasi, nitakuwa mkali kidogo. Video zinazosifu siku 10 bila viza kwa wanaopita njia hazikuhusu ukiwa na pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Burundi, Rwanda au Kongo; hazimo kwenye orodha. Ukilala hoteli, mapokezi wanakuandikisha polisi wenyewe. Ukilala kwa ndugu, nendeni kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24 na mwondoke na karatasi. Faini inaweza kufika yuan 2,000. Kuzidisha siku za viza ni yuan 500 kwa kila siku, mpaka 10,000, au kuwekwa ndani. Tembea na pasipoti halisi, kwa sababu Xiaobei na Sanyuanli polisi wanakagua, na picha ya kwenye simu haiwatoshi.

Masoko kwa ufupi: vitambaa ni Zhongda, kwa Laini ya 8; vichezeo vya watoto ni mtaa wa Yide, Laini ya 6; mabegi ya ngozi ni upande wa Sanyuanli. Shisanhang ya nguo inaamka alfajiri, na ukifika mchana unakuta wanafunga mizigo. Usije wakati wa mwaka mpya wa Kichina, viwanda na vibanda hufungwa wiki mbili hata zaidi, wala wiki ya kwanza ya Oktoba. Maonesho ya Canton ya kuanzia 15 Aprili na 15 Oktoba hupandisha bei za hoteli; kama huna shughuli Pazhou, yanakofanyika, sogeza tarehe.

Chakula cha halali kitafute kwa maandishi 清真 mlangoni. Xiaobei vipo vingi, na tambi za mtindo wa mji wa Lanzhou zinalipika kwa simu bila neno hata moja. Maji ya bomba usinywe. Vyoo vingi vya umma ni vya kuchuchumaa na havina karatasi, beba tishu. Kuanzia Aprili mvua haina taarifa.

Plagi zetu za pini tatu bapa haziingii kwenye soketi za China, nunua adapta Kariakoo au Luthuli kabla hujaondoka. Pawabenki nayo: ukikata tiketi ya ndege ya ndani, kuanzia 28 Juni 2025 ile isiyo na alama ya 3C, alama ya usalama ya China, inachukuliwa kwenye ukaguzi, na nyingi tunazonunua nyumbani hazina. Ndani ya mji huna haja nayo kubwa. Vibanda vya kukodi pawabenki vipo kwenye migahawa na maduka mengi, unaskani kwa Alipay, unachaji, unarudisha kibanda kingine. Hakikisha tu imeingia kwenye tundu na skrini imeonesha umerudisha, vinginevyo saa zinaendelea kuhesabiwa kwenye kadi yako.