Ununue nini cha kushikia boya: mpangilio wangu kwa sisi wa boti za Lamu

Watu wananiuliza sana upondo gani wa kulabu, yaani mti mrefu wenye ndoano, ni mzuri wa kushikia boya la kufungia boti, na mimi kabla sijajibu huuliza kwanza: boya lenyewe limefungwaje? Manake mtu anaweza kutumia hela nyingi kwa mti wa kisasa alafu boya lake ni duara tupu, pete iko juu imeota kome na haina hata kamba ya kushika, hapo utahangaika tu. Kwa hivyo mpangilio wangu unaanzia majini, duka linafuata.

Namba moja, na sioni cha kushindana nayo, ni mkia wenye kiboya. Hii ni kama boya ni lako mwenyewe. Kwenye pete ya boya kubwa unafunga kamba nene ya nailoni, mita tatu hivi, mwisho wake una kitanzi kilichofumwa, sio fundo, manake fundo linapunguza nguvu ya kamba na linakwama kila mahali. Kwenye kitanzi hicho unaunga kamba nyembamba yenye kiboya kidogo, hata dumu la lita tano lililokazwa kifuniko sawasawa linatosha. Unakuja, unaokota dumu, unavuta, kitanzi unakivika kwenye chuma cha omo, yaani mbele ya boti, umemaliza. Ile kamba nyembamba iwe fupi, mita moja au moja na nusu, ukiiacha ndefu inaelea juu ya maji na siku moja itaingia kwenye propela. Nailoni nimeitaja kwa sababu inavutika, boti ikirushwa na wimbi kamba inameza ule mshtuko badala ya kung'oa chuma cha omo, lakini pale inapopita kwenye ukingo wa boti lazima uivike kipande cha hosi ya maji la sivyo italika. Kamba ya plastiki, ile ya polipropilini inayoelea, usiifanye ndio kamba kuu, jua letu linaimaliza, ukiona imetoa manyoya na ukiikunja inamwaga unga basi hiyo imeshakufa.

Namba mbili ni mti wa kulabu, na hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Dukani utaona ile ya alumini ya kuvuta ikarefuka, nyepesi, inakaa vizuri chini ya kiti. Mimi nilikuwa nayo. Jioni moja pale Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, maji yanatoka kwa kasi na kusi, upepo wa kusini, inavuma kuyapinga, mtoto wa dada yangu akalinasa boya vizuri kabisa, boti ikarudi nyuma kidogo tu, nikasikia "tak", kile kidude cha kufungia kikaachia, nusu ya mti imebaki mkononi mwake na nusu inaning'inia kwenye boya. Alikuwa amejikaza mwili wote kuvuta, ulipoachia akakaa kitako juu ya nanga. Tukashukuru Mungu hakuangukia majini.

Kwa hivyo ukinunua wa kuvuta, pale pale dukani urefushe wote, mpe mwenzako ashike upande mmoja, mvutane na mzungushe. Mti ukizunguka au ukiteleza pale unapoungana, urudishe. Mimi sasa hivi natumia mti mzima usiounganishwa, mwanzi mkavu wenye kulabu ya stenlesi niliyotengenezewa na fundi wa kuchomelea, ncha imepigwa mviringo isichome fiba ya boti wala mtu. Mwanzi unaelea, hata ukiuachia utaukuta. Mti wa mkoko ni imara zaidi lakini ni mzito, baada ya kulikosa boya mara mbili mkono unauma. Urefu pima hivi: simama omo, toka mkononi hadi majini, ongeza mita moja.

Namba tatu ni kamba ya kurusha, na hii haitakugharimu kitu kama tayari una kamba. Chukua mita kumi hivi, ncha zote mbili zifunge omo, zipite nje ya vyuma vyote, kunja nusu mkono huu nusu mkono ule, alafu rusha pana kwa mikono miwili kitanzi kilipite boya lote. Subiri kizame, ndipo uvute. Lazima iwe kamba inayozama, nailoni au polyesta, ya plastiki itaelea juu na kuteleza bure. Ni nzuri sana kwa boya la mtu usilolijua, ila ni ya kukushikilia tu mpaka upate nafasi ya kufunga kamba kwenye pete. Usilale nayo usiku, inasagana na mnyororo chini huko na huioni.

Namba nne ni vile vifaa vya nje, kama Hook & Moor, mti ambao ukiusukuma kwenye pete kichwa chake kinapitisha kamba na kukurudishia ncha. Kwa boti yenye omo mrefu na mtu mmoja ndani, kinasaidia kweli. Kwa boti zetu za fiba ambazo mkono unakaribia maji, sioni haja, na kichwa chenye sehemu zinazocheza kinataka kusuuzwa maji yasiyo na chumvi kila mara, chumvi ikigandia hakifanyi kazi.

Sasa hata ununue nini, ukija vibaya utakosa. Angalia boti zilizofungwa karibu, zilizo kama yako, zimeelekea wapi, na wewe njoo ukielekea huko huko. Kwenye mlango wetu huu kati ya Lamu na Manda mara nyingi maji yana nguvu kuliko upepo, hasa siku za bamvua, maji mafu, siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ndio upepo unatawala, kwa hivyo usikariri. Njoo polepole, boya liwe upande ambao nahodha analiona, na likifika usawa wa omo gia iwe nyutro. Kamba isizungushwe mkononi hata mara moja. Ukiona inakuvuta, achia, zunguka, uje tena, mti ukienda na maji tutautafuta.

Na ile tabia ya kumwambia kijana aruke majini akashike boya huku injini inawaka, tafadhali tuiache. Maji yanayotoka pale Shela yanampeleka nje haraka kuliko anavyoogelea, na propela iko hapo hapo nyuma yake.