Watson wa kike nimemkubali. Irene ndiye mliyenikosea

Nimeanza kuandika haya nikiwa na nyota nne za kutoa. Tuone zitabaki ngapi nikifika mwisho.

Niliingia kwa shari, sifichi. Hadithi za mpelelezi Sherlock Holmes nilizisoma utotoni mpaka kurasa zikaachia jalada, halafu naambiwa kwenye tamthilia ya televisheni ya Elementary, Dakta Watson, rafiki yake anayesimulia visa vyake, ni Joan. Mwanamke, anachezwa na Lucy Liu, yuko New York, na kazi aliyoajiriwa ni kumchunga Holmes asirudie heroini. Nikasema basi, wameishiwa na visa, sasa wanageuza watu. Nilibonyeza nipate cha kutukana tu.

Matusi yaliniishia mapema. Watson wa kitabu cha kwanza, cha 1887, ni daktari wa jeshi aliyepigwa risasi vitani Maiwand, Afghanistan, akarudi London afya imekwisha, hana kazi wala ndugu wa kumfuata. Joan ni daktari wa upasuaji aliyefanya kosa, mgonjwa akamfia, naye akaacha kisu moja kwa moja. Vita havipo, lakini mtu ni yuleyule: aliyejua kuponya wenzake, sasa haamini mikono yake mwenyewe, mpaka anapokutana na kichaa mmoja mwenye akili nyingi anayempa sababu ya kuamka asubuhi. Nilikaa nikisubiri wapendane, maana mwanamke akishaingia kwenye tamthilia ya upelelezi kila mtu anajua anakopelekwa. Misimu 7, hawakupelekwa huko. Kwa hilo peke yake nawapigia makofi.

Na nyie mnaolia “asili iheshimiwe”, asili ipi? Conan Doyle mwenyewe, mwandishi wa hadithi hizo, risasi ya Watson aliiweka begani kwenye kitabu cha kwanza, cha pili ikahamia mguuni. Kuna hadithi ya 1891 ambamo mke wa Watson anamwita James, na jina lake ni John! Mwenye mali hakuwa na habari, sisi ndio tunatoa povu.

Kilichonimaliza ni hiki. Kila jioni nilikuwa namsimulia dada yangu: Watson kaingia, kamkuta Holmes yuko na televisheni kibao zinawaka kwa pamoja, kamwambia hivi, kajibiwa vile. Siku ya nne dada akauliza, “Kwani huyu Watson mkewe yuko wapi?” Nilicheka nusura nianguke. Siku nne nzima Kiswahili kimembeba Watson bila kumuuliza jinsia yake, na hakuna kilichopungua kwenye kisa.

Sasa tuje kwenye hasira.

Msimu wa kwanza wote unajengwa juu ya Irene Adler, mpenzi wa Holmes, anayedhaniwa aliuawa London na Moriarty, adui mkuu wa Holmes, ambaye vitabuni ni mwanamume. Ndicho kifo kilichomzamisha Holmes kwenye dawa. Nilikuwa nimebakiza sehemu chache, nimejinyima usingizi, simu nimeizima. Nafungua programu ya hii huduma ninayoilipia kila mwezi, sijabonyeza hata kitu, chini ya picha pana mstari mmoja wa maelezo unaoniambia waziwazi Moriarty ni nani. (Kama hujaitazama ruka mpaka aya ya mwisho. Umeona? Uungwana wenyewe ni sentensi moja.) Moriarty ni Irene. Adui mkuu ni mwanamke, marehemu ndiye muuaji, uhondo wa msimu mzima umemwagwa na mtu aliyekuwa anajaza nafasi chini ya picha.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wakanishukuru kwa kuipenda tamthilia na kunipendekezea nyingine ya upelelezi. Nikaandika tena. Nikajibiwa kwamba maelezo huwekwa ili kumsaidia mtazamaji kuchagua. Kuchagua nini, ndugu yangu? Nimeshatazama sehemu zaidi ya 20, nachagua nini tena, jeneza? Mara ya tatu hawakujibu, wakanitumia fomu ya kupima kama nimeridhishwa na msaada niliopewa.

Basi sehemu za mwisho nikazitazama moyo umepoa, na moyo ukipoa macho hufunguka. Irene wa kwenye hadithi ya Conan Doyle ya 1891 hakuwa jambazi. Alimshinda Holmes kwa akili yake, akaondoka na mumewe na ile picha ambayo Holmes alitumwa kuichukua kwake, akamwacha bwana mkubwa mdomo wazi. Huku kwenye tamthilia hayupo kabisa, ni sura tu aliyoivaa Moriarty. Yaani ili mwanamke aweze kumtoa jasho Holmes ilibidi aazimwe jina la mwanamume? Watson amefanywa mwanamke akabaki Watson. Irene alikuwa mwanamke tangu mwanzo, na ndiye aliyefutwa. Nikakata nyota mbili palepale.

Ila nitakuwa mwongo nikiishia hapo. Natalie Dormer anamcheza huyo mtu kwa namna ambayo ukimya wake unatisha kuliko bastola za wengine. Na anayemnasa si Holmes. Ni Joan. Ndiye anayemkalia mezani, anamtazama, anagundua kwamba yule mwanamke bado anampenda Holmes, na mtego unategwa hapohapo. Watson, yule ambaye miaka na miaka kazi yake ilikuwa kushangaa na kuandika! Niliruka kwenye kiti, na huku mwisho nilishaibiwa.

Kwa hiyo katika zile mbili nilizokata, moja na nusu nazirudisha: tamthilia nyota tatu na nusu, hiyo nusu iliyokatwa ni ya Irene na siirudishi. Huduma, sifuri, na fomu yao nimewajazia. Msimu wa pili nimeshauanza. Nimebandika karatasi chini ya skrini kufunika yale maelezo, dada ndiye anayenibonyezea.