Fimbo ya tenkara kwa vijito vya milimani: tamu sana, ila ncha yake ichunge
Jamani kama unavua trauti wa porini kule juu kabisa ambako njia yenyewe ni kupanda mawe kwa mikono miwili, hii fimbo ndo mpango mzima. Asili yake Japani, wavuvi wa milimani kule waliitumia kuvulia iwana na yamame (samaki wa kule wa jamii moja na trauti) kwenye vijito vya kasi. Haina rili (kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi), mshipi unaufunga kwenye kiuzi pale nchani basi. Yangu ni ya mita 3.6, ukiikunja inabaki kama nusu mita, unaitia kwenye begi na kuisahau.

Utamu wake uko kwenye vidimbwi vidogo nyuma ya mawe. Si unajua shida ya pale, trauti kajikalia kwenye maji yaliyotulia halafu kati yako na yeye kuna mkondo unakimbia balaa, ukirusha na fimbo ya kawaida ule mshipi mzito unalalia mkondo unaburutwa, na nzi wako bandia (chambo cha kuiga mdudu) anaburutwa nao, samaki akiona hivyo anakausha. Na hii unanyanyua tu mkono, mshipi karibu wote unabaki hewani, kinachogusa maji ni nzi na kipande kidogo cha uzi mwembamba, anaelea zake kama kadondoka mwenyewe. Nyemelea kutokea chini lakini, maana trauti hukaa kaelekea maji yanakotoka.

Sasa kasoro. Ncha ni nyembamba mno, fungua ukianzia nchani na ukikunja anza na kipande kinene cha shinani, ukilazimisha inakatika. Upepo ukivuma mshipi mwepesi hauendi unakotaka, na chini ya matawi yaliyobanana huo urefu unageuka kero. Samaki mkubwa je? Huna mshipi wa kumwachia, ni kumkimbiza mtoni huku fimbo imepinda, ndo maana ule uzi mwembamba wa mwisho unaofungwa nzi usizidi unene wa 5X (kipimo cha uzi, namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi), bora ukatike wenyewe kuliko fimbo. (Ndoano tumia isiyo na kijino, kumwachia samaki inakuwa rahisi.)

Kizibo cha kitakoni kinafunguka, hicho nimekipenda, unatoa vipande vyote unavianika, la sivyo mchanga na unyevu vinavigandisha.

Naipa nyota 4. Wa mito mipana na maziwa msihangaike nayo, tafuteni yenye rili.