Picha ya maziko ya Igoma, na kijana aliyeisafisha

Kama una picha ya zamani iliyogandana na kioo cha fremu, nenda Makoroboi, hapa Mwanza, kwa yule kijana wa studio ndogo inayotazamana na wauza viatu. Mimi nilimpelekea picha moja tu: maziko ya Igoma, Mei 1996. Mjomba wangu alikuwemo ndani ya MV Bukoba, alipandia Kemondo, na meli ikazama asubuhi ya Jumanne tarehe 21, safari ya kuja Mwanza ikiwa karibu kwisha.

Studio ya kwanza niliyokwenda walizilainisha nyuso mpaka sikumtambua mama yangu. Niliondoka na uchungu.

Huyu kijana hakuibandua. Alisema, "Mama, tukiivuta, rangi itabaki kwenye kioo." Akaiskani na kioo chake. Kisha akauliza: "Nisafishe tu, au niongeze?" Nikamwambia asiongeze kitu. Nilikaa pembeni yake zaidi ya saa nzima akitoa ukungu doa kwa doa, ameikuza picha mpaka mkono wa gauni la mama umejaa skrini.

Sasa, tangu utotoni nimekuwa nikisimulia mvua. Mama kajitanda kitenge, maji yanamchuruzika, mimi nimemshika mkono. Ukungu ulipotoka, kikaonekana kivuli cha mama, kirefu, juu ya udongo mkavu. Jua! Na aliyeshikwa mkono ni dada yangu. Mimi niko nyuma, nimeng'ang'ania kanga ya bibi.

Nilimwambia amekosea. Hakubishana nami. Alifungua picha ya mwanzo, kabla hajaigusa, akaziweka sambamba. Kivuli kilikuwepo.

Nilimpigia binti yangu, anasoma saikolojia chuoni. Akaniambia habari za Ulric Neisser na Nicole Harsch wa Marekani: asubuhi baada ya chombo cha anga za juu cha Challenger kulipuka, Januari 1986, waliwaandikisha wanafunzi walivyoipata habari ile. Baada ya miaka miwili na nusu hivi wakawauliza tena. Wengi walisimulia mengine kabisa, tena kwa uhakika, na hata walipooneshwa mwandiko wao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Nawaelewa. Mvua ile naisikia mpaka leo.

Gharama: kusafisha 15,000, kukuza na fremu mpya 25,000. Aliniahidi siku 3, nikangoja 9, na simu alikuwa hapokei. Hilo ajirekebishe, maana mtu mwenye picha ya marehemu hapati usingizi. Lakini alinirudishia ile ya zamani na kioo chake, imefungwa kwa gazeti na kamba, haina mkwaruzo mpya hata mmoja.

Dada ameomba nakala yake. Jumamosi narudi.