Lẩu mắm ya Cần Thơ: nilivyokula, nilivyoungua ulimi na nilicholipa

Kazi yangu ni korosho. Kila mwaka, kabla minada ya kusini haijafunguliwa, wapo watu wa Mtwara wanaokwenda Vietnam kuonana na wanunuzi, maana korosho ghafi yetu nyingi inakwenda kubanguliwa huko. Mwishoni mwa Septemba zamu ilikuwa yangu. Siku nne ziliishia kwenye viwanda vya Bình Phước, nikipasua korosho na kuhesabu mbovu. Jumamosi mwenyeji wangu, mzee wa makamo kutoka kiwanda kimojawapo, akasema inatosha, twende kwao Cần Thơ, kwenye delta ya mto Mekong, nikale chakula cha kwao. Kutoka Jiji la Ho Chi Minh ni kama saa nne kwa basi.

Chakula chenyewe ni lẩu. Mezani kunawekwa jiko dogo la gesi, juu yake sufuria ya mchuzi, na ukishachemka kila mtu anatumbukiza anachotaka, anaopoa, anakula, anatumbukiza tena. Ziko za kila namna: ya mbuzi, ya kuku, na Hanoi kuna ya kaa na nyama ya ng'ombe. Ya delta ni lẩu mắm. Mắm ni samaki wadogo wa mtoni waliovundikwa kwa chumvi kwa miezi mpaka wakalegea.

Harufu ilitupokea barabarani, kabla hatujauona mkahawa. Mimi nimekulia jirani na soko la samaki, papa na ng'onda hawanitishi. Hii ilinifanya nisimame. Papa mkavu ana harufu ya jua. Huyu ana harufu ya mtungi uliosahaulika uvunguni. Mzee akacheka, akanivuta mkono tukaingia.

Tulikuwa watatu, maana alimleta na mwanawe wa kiume. Tukakalia vigoda vya plastiki vifupi, magoti yangu yakawa karibu na kidevu. Wao wana miguu mifupi kuliko yangu, au wana subira zaidi, sijui.

Sufuria ilipoanza kuchemka ndipo nilipoelewa. Wanamchemsha mắm mpaka nyama inayeyukia majini, wanachuja miiba yote, kisha wanatia mchaichai, pilipili na maji ya madafu. Madafu! Ule ukali unatulia, chumvi inatangulia ulimini na utamu wa dafu unakuja nyuma yake taratibu. Vipande vya bilinganya vinaelea juu vimeshalowa. Pembeni kulikuwa na sahani ya samaki jamii ya kambare, kamba, ngisi, na kitimoto cha kuokwa chenye ngozi inayokatika kwa mlio. Mimi nakila. Kwa ndugu Waislamu, kusema nyama isiwekwe hakutoshi, ulizeni na mchuzi, kwa sababu supu nyingi huko zinaanzia kwenye mifupa ya nguruwe. Katikati ya Jiji la Ho Chi Minh, jirani na msikiti wa mtaa wa Đông Du, kuna mikahawa ya halali. Anzeni kuulizia hapo.

Ila kilichonileta kwenye kuandika haya ni sinia la majani. Lilikuwa kubwa kuliko sufuria. Kulikuwa na majani ndugu wa matembele, mashina yake yana uwazi kama mrija; ua la mgomba limekatwakatwa nyembamba; majani machungu ambayo sikupata jina lake; maua madogo ya njano, điên điển, yanayotoka msimu wa mafuriko tu, kwa hiyo ukienda mwezi wa tatu usitegemee kuyakuta mabichi; na mashina ya yungiyungi, marefu, yamemenywa yakakatwa urefu wa kidole.

Mimi, kwa mazoea ya jikoni kwetu, nikabeba lundo zima nikalimwaga sufuriani. Mama mwenye mkahawa alikuja mbio. Hakusema kitu. Alichukua vijiti, akaopoa jani moja moja mpaka sufuria ikabaki wazi, akayarudisha kwenye sahani, kisha akanionyesha: unashika machache, unazamisha, unahesabu mpaka tano hivi, unatoa. Akaniwekea bakulini juu ya tambi nyeupe za mchele, akasimama anitazame nikila.

Shina la yungiyungi ni kama sponji, limejaa vitundu, na kila kitundu kimebeba mchuzi unaochemka. Nililing'ata lote kwa mpigo, likaruka moto kooni. Ulimi uliniuma hadi Jumanne. Lakini nakwambia, ndicho kitu kitamu kuliko vyote mezani pale: nje linakatika kwa mlio, ndani ni mchuzi mtupu. Kamba ningewaacha.

Kituko kingine ni cha kuita. Nilikuwa nimesikia vijana wakiita mhudumu "em ơi", nami nikamwita hivyo yule mama. Meza ya jirani ilikufa kwa kicheko. Kumbe em ni mdogo wangu, na yule ana umri wa shangazi yangu. Kwao, kama kwetu, unaangalia umri kwanza ndipo unajua umwite nani: kwa mama wa rika lile ni cô ơi. Niliporekebisha akaniletea sahani nyingine ya maua ya njano, bure.

Sasa malalamiko. Bili ya sufuria ilikuwa dong 350,000. Njia rahisi ya kupiga hesabu kwa Mtanzania ni kufuta sifuri moja, unapata kama shilingi 35,000, na tulishiba watu watatu. Hilo sina neno nalo. Lakini vile vitambaa vyenye maji kwenye kifuko cha plastiki, na ile sahani ya karanga iliyotua mezani bila kuagizwa, vyote vililipiwa. Si pesa nyingi, ila mtu angesema mapema. Kamba walikuwa sita, wa barafu. Feni ilikuwa inatazama meza ya mwenye mkahawa tu, na sisi na moto wetu tukajipikia jasho. Na usiende peke yako: sufuria ndogo kabisa waliyokuwa nayo ni ya watu wawili wenye njaa.

Nyota nne kati ya tano, na ile moja ni ya feni.

Kesho yake sokoni nilinunua kopo la mắm wa Châu Đốc, nikalizungushia utepe wa gundi na mifuko mitatu. Lilifika Mtwara salama. Nimeshajaribu mara moja, kwa madafu, bilinganya, matembele na changu. Mchuzi ulikuwa karibu sana na ule. Kwa kukosa yungiyungi nikatia bamia, na hapo ndipo nilipoharibu. Kopo bado lina nusu, liko nje kwenye kibaraza cha jiko, maana mama watoto amekataa lisiingie kwenye friji.