Uzoefu wangu na sefti ya Winchester Model 70 huku Liwale

Raifo ninayoiongelea ni Winchester Model 70, ya bolti (kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele kuingiza risasi), inapiga risasi ya .375 H&H, natembea nayo kwa leseni huku Liwale na saa nyingine upande wa Nachingwea. Shabaha na lenzi siongelei, hayo watu wameshayasema sana. Nataka kuongelea sefti, yaani kile kifungio cha kuzuia bunduki isilie, maana huku kwetu mtu akienda kununua bunduki anaangalia mtutu, anaangalia kitako kinang'aa, anakoki mara mbili tatu anasikia bolti inavyoteleza, basi analipa, sefti anajua ipo tu. Kwangu mimi sefti ndo kitu cha kwanza, kwa sababu porini huendi peke yako, kuna mtu katangulia anasoma nyayo na wewe uko nyuma yake na bunduki ina risasi.

Tuelewane kwanza inavyofanya kazi. Ukikoki bunduki ya bolti, pini ya kugonga risasi inabaki nyuma, springi imebanwa, na kinachoizuia isiruke ni kichuma kidogo cha kuishikilia ambacho nacho kimeegemea kwenye mfumo wa triga. Ukivuta triga kile kichuma kinakosa pa kuegemea, kinashuka, pini inaruka mbele, mlio. Hapo kwenye kuegemeana ni ukingo mwembamba sana, mara nyingi haufiki hata milimita moja. Ndo maana mchanga kidogo, kutu, au fundi mwenye tupa anayetaka kukulainishia triga, vinatosha kuharibu kila kitu.

Sasa sefti zinatofautiana zinabana wapi. Kuna zinazozuia triga tu isivutike, hizo kidole chako hakifanyi kitu lakini pini bado inategemea kile kichuma, kama kimelika na bunduki ikadondoka kitako chini inaweza kulia hivyo hivyo na sefti umefunga. Kuna zinazoshika kile kichuma chenyewe, hizo ni afadhali. Halafu kuna zinazoshika pini moja kwa moja, na hapa ndipo Winchester ilipo. Kile kidude kipo nyuma ya bolti, mkono wa kulia, unakisukuma kwa dole gumba. Ukikirudisha nyuma kabisa kinaivuta pini nyuma kidogo inaachana na kile kichuma, na bolti inajifunga haifunguki. Ukikileta katikati pini bado imeshikwa ila bolti inafunguka. Mbele kabisa, tayari kupiga.

Hiyo ya katikati ndo imenifanya niipende hii bunduki. Jioni mnarudi kwenye gari, mmechoka, giza linaingia, kila mtu anataka kukaa, na sheria yetu ni hakuna anayepanda na risasi kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kupigwa. Napeleka kidude katikati, nafungua bolti taratibu, risasi inatoka naipokea kiganjani, muda wote huo pini imeshikwa. Kwenye bunduki nyingi za sefti ya hatua mbili bolti inajifunga ukiweka sefti, kwa hiyo ili utoe risasi inabidi kwanza ufungue sefti, yaani unaiweka bunduki tayari kupiga ndipo uanze kuipakua, katikati ya watu! Remington 700 ilikuwa hivyo mpaka 1982 walipoiondoa ile ya kufunga bolti. Na hao hao Remington mwaka 2014 waliita bunduki zirudishwe, Model 700 na Model Seven zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 mpaka Aprili 2014, sababu gundi ilizidi wakati wa kuunganisha triga na bunduki ingeweza kulia yenyewe. Kwa hiyo ukiuziwa ya mkononi ya miaka hiyo muulize mwenyewe kama ilishabadilishwa triga.

Hata hivyo wazo la hatua tatu si la Winchester. Mauser 98 ya Wajerumani ilikuwa nalo toka 1898, na bunduki za Mauser zimelia sana ardhi hii hii ya Lindi, kwenye mapigano ya Wajerumani na Waingereza pale Mahiwa Oktoba 1917. Ile ya Mauser ni kama bawa juu ya bolti, ukitaka kuweka lenzi inagonga. Ya Winchester inazunguka kwa ubavu, lenzi inakaa chini vizuri.

Wenye bunduki za Brno ZKK za zamani, na huku zipo, muwe macho: sefti yake inaenda kinyume, mbele ndo imefungwa, nyuma ndo inapiga. Mtu akizoea ya kwangu akaazima hiyo, dole gumba litafanya lilichozoea. Mjomba wangu alikuwa nayo, na kabla hajakupa uishike lazima akuambie, "Mjomba, nyuma ndo moto," hata kama alishakuambia jana.

Kabla hujalipa, omba ukague hapo hapo dukani. Hakikisha chemba na magazini havina kitu, tazama kwa macho na ingiza kidole, mtutu uelekee sehemu salama. Koki, funga sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, halafu fungua sefti bila kugusa triga. Ukisikia pini inaruka, rudisha bunduki, usikubali kuambiwa itakaa sawa. Kisha koki tena, funga sefti, gonga kitako kwenye mpira au zulia, pini isiruke. Mwisho sefti wazi, piga bolti mbele kwa nguvu, nayo isiruke.

Vumbi la barabara ya Nachingwea linaingia kila mahali, na mafuta mazito yanalinasa, kwa hiyo kwenye triga naweka tone moja jembamba au naacha kabisa. Wa Kilwa na Lindi mjini mna chumvi ya bahari, nyie futeni mara kwa mara.

Kasoro ninayoiona ni mlio. Ukisukuma kile kidude mbele kinatoa "tak", na nyati akiwa karibu anasikia. Dawa yake ni kukibana kwa dole gumba na cha shahada kwa pamoja ukisogeze polepole, na ujifunze hivyo nyumbani bunduki ikiwa tupu. Mpya pia inakuwa ngumu, ikizoea mkono inalainika, lakini usimpe fundi ailainishe kwa tupa.